Dima janja ukutani: tuliyojifunza kwa kufunga na kufungua

Anayenunua dima janja, swichi ya kufifisha taa inayopokea amri kutoka kwenye simu pia, kwa kawaida hutazama programu ya simu kwanza: kama inaweka ratiba, kama inapokea amri kwa sauti, kama inaonekana nadhifu. Sisi tunaofunga swichi hizi tumejifunza kuanzia upande wa pili. Kabla kifaa hakijatoka kwenye pakiti yake tunauliza mambo mawili: nyuma ya swichi iliyopo kuna nyutro, yaani waya unaorudisha umeme? Na balbu zilizoko darini ni za aina gani? Majibu ya hayo mawili ndiyo huamua kama taa itatulia au itachezacheza. Upande wa simu nao una vikwazo vyake, lakini vingi utavimaliza ukiwa umekaa kitini. Kosa la ukutani linakutaka uzime umeme, upande ngazi na kubomoa kazi uliyokwisha kuimaliza.

Dima inavyokata umeme, na kwa nini balbu hulalamika

Umeme wa nyumbani hupanda na kushuka kama wimbi. Palipo na umeme wa hezi 50, wimbi hilo hupita sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo kila nusu-wimbi hudumu milisekunde 10. Dima haipunguzi umeme kwa namna bomba linavyobanwa likapunguza maji. Inaukata. Katika kila nusu-wimbi huruhusu sehemu ipite na sehemu isipite, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na taa inaonekana imefifia.

Kukata kwenyewe kuko kwa namna mbili. Namna ya zamani hukata mwanzo wa wimbi: dima husubiri, tuseme milisekunde 5, kisha hufungua ghafla wakati volti iko kileleni. Kwenye umeme wa volti 230 kilele hicho ni karibu volti 325, na balbu hupigwa nacho kwa mkupuo. Kifaa kinachofanya kazi hiyo huitwa triaki. Ni rahisi na kigumu kuua. Namna ya pili hukata mwisho wa wimbi: umeme huanza sifuri, hupanda taratibu, kisha hufungwa kabla nusu-wimbi haijaisha. Hii hutumia transista.

Joel Spira alipobuni dima ya kielektroniki mwaka 1959 nchini Marekani, balbu aliyokuwa nayo mbele yake ni ile ya uzi wa tungsteni. Uzi ule haujali umepigwa vipi. Ukipata umeme kidogo hupoa na kufifia, basi. LED haiko hivyo. Ndani ya balbu ya LED kuna draiva, saketi ndogo yenye kapasita (kihifadhi kidogo cha umeme), inayopokea umeme wa ukutani na kuutengeneza upya. Mkupuo wa volti 325 ukiifikia kapasita hiyo mara 100 kwa sekunde, mkondo huingia kwa vishindo. Hapo ndipo unapotoka ule mlio wa nyuki unaosikika chumba kikiwa kimya. Ndiyo sababu kwa balbu za LED tunachagua dima inayokata mwisho wa wimbi, au ile inayoweza kubadilishwa kwa kuchagua kwenye programu. Transfoma za kizamani zenye sumaku nzito, zinazolisha taa za volti 12, zinataka kinyume chake: zikatiwe mwanzo. Ukizipa dima ya kukata mwisho, volti hurudi kwa nguvu kila zinapokatwa na dima haitadumu.

Balbu yenyewe lazima iwe imeandikwa kwamba inakubali dima. Isiyokubali huwaka vizuri kwenye asilimia 100 na kumhadaa mnunuzi, halafu kwenye asilimia 60 huanza kupepesa, na draiva yake hupata joto hadi kufa mapema. Usichanganye balbu za watengenezaji tofauti kwenye dima moja hata kama zote zinakubali. Kila draiva ina kiwango chake cha kuamka na cha kuzimika, na utapata chumba ambacho taa tatu zinawaka na ya nne imelala. Tunanunua balbu zote za chumba pamoja, na mbili za akiba za toleo hilohilo, kwa kuwa mtengenezaji anaweza kubadilisha draiva ndani bila kubadilisha jina nje.

Kuna kosa moja tunalolikuta hata kwa watu waangalifu: kuweka balbu janja, zenye redio yake ndani, kwenye saketi ya dima janja. Balbu hiyo inataka umeme mzima wakati wote ili redio yake ikae macho, na dima kazi yake ni kuukata. Chagua kimoja. Ukitaka rangi na mwanga wa kila balbu peke yake, nunua balbu janja na swichi ya kawaida uiache imewashwa. Ukitaka swichi ya ukutani iendelee kuwa swichi, kwa kila mtu wa nyumbani na kila mgeni, nunua dima. Sisi hupendekeza dima karibu kila mara, kwa sababu mtu akiingia chumbani mkono wake huenda ukutani.

Hesabu ya wati

Dima ina namba mbili za mzigo, na watu husoma moja. Kuna kikomo cha juu na kuna kikomo cha chini.

Cha juu huandikwa kwa aina ya balbu. Dima inayobeba wati 600 za balbu za uzi inaweza kuwa imeandikwa wati 150 tu za LED, na hilo si kosa la uchapaji. LED hunyonya mkondo kwa vipande vifupi vilivyo vikali, na mara nyingi kipimo chake cha ufanisi wa mkondo, kinachoitwa pawa fakta, ni karibu 0.5. Chukua taa nane za darini za wati 7. Jumla ni wati 56. Kwa volti 230 ungetarajia ampia 0.24, lakini kwa pawa fakta ya 0.5 dima hubeba karibu ampia 0.49. Tena pale zinapowashwa, kapasita zote nane hujaa kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo soma namba ya LED, usivuke asilimia 80 yake, na kama dima mbili au tatu zinakaa bega kwa bega kwenye boksi moja, fuata jedwali la mtengenezaji la kupunguza mzigo, maana zinapashana joto. Uso wa dima kuwa vuguvugu ni kawaida: triaki hupoteza karibu volti 1 hadi 1.5, kwa hiyo kwa kila ampia moja inayopita kuna wati moja na kitu inayogeuka joto palepale. Ukishindwa kuukalisha mkono, mzigo umezidi au kiungo hakijakazwa.

Kikomo cha chini ndicho kinachosahaulika, hasa mtu anapotoa balbu sita za wati 50 na kuweka sita za wati 5. Mzigo umeshuka kutoka wati 300 hadi 30. Dima ya zamani iliyokuwa imetulia inaanza kupepesa, na lawama humwendea balbu.

Nyutro: ipo au haipo?

Swichi ya kawaida haihitaji nyutro. Inaukata waya wa laivu, ule unaoleta umeme, na kuurudisha kwenda kwenye taa, kwisha. Dima janja ina redio na kompyuta ndogo zinazopaswa kukaa macho taa ikiwa imezimwa, na hizo zinahitaji saketi iliyokamilika, yaani laivu na nyutro. Palipo nyutro, chagua dima inayotumia nyutro. Usibishane na hilo. Utajiepushia nusu ya matatizo yaliyomo kwenye makala haya.

Kuijua nyutro kwa rangi ni hatari. Kwenye mfumo wa sasa wa Ulaya laivu ni kahawia, nyutro ni buluu, erthi ni kijani na njano. Kwenye mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao bado umo kwenye kuta nyingi duniani, laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Marekani laivu ni nyeusi, nyutro ni nyeupe. Tazama basi: nyeusi ni nyutro kwa mmoja na ni laivu kwa mwingine. Na hata ndani ya mfumo mmoja, waya mweusi au wa buluu uliofungwa kwenye swichi si nyutro hata kidogo. Ni ule unaorudi kwenye taa, rangi yake imetokana tu na kebo iliyokuwa mkononi mwa fundi. Nyutro ya kweli, ikiwepo, kwa kawaida imejificha nyuma kabisa ya boksi: nyaya kadhaa za rangi moja zimeunganishwa pamoja na haziigusi swichi.

Kipimo nacho kinaweza kudanganya. Ukiweka mita kati ya laivu na waya unaorudi kwenye taa, swichi ikiwa imezimwa, mita inaweza kuonyesha volti karibu zote, kwa kuwa waya ule umeshikana na nyutro kupitia balbu. Wengi wamefunga dima hapo wakiamini wamepata nyutro. Toa balbu zote za saketi hiyo upime tena. Nyutro halisi itabaki na volti 230 (au 120, kutegemea umeme wako) bila balbu. Waya wa taa utashuka au utaonyesha namba inayoyumbayumba. Bisibisi ya kupimia yenye kitaa kidogo haitoshi kwa kazi hii.

Ukikosa nyutro, usitumie erthi mahali pake. Erthi ipo kwa ajili ya kuokoa maisha. Ukipitisha mkondo humo unaweka umeme kwenye vyuma vya nyumba nzima siku kiungo kikilegea. Wala usiazime nyutro ya saketi nyingine. Breka ya kinga hulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, na mkondo unaorudi kwa njia ya jirani utaiangusha kila mara. Palipo na breka za kawaida pekee mambo ni mabaya zaidi: fundi atazima saketi moja na nyutro yake bado itakuwa na mkondo wa nyingine.

Zimebaki njia mbili za halali. Ya kwanza ni dima iliyotengenezwa kufanya kazi bila nyutro. Hiyo hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu hata taa ikiwa imezimwa. Balbu ya uzi haitaona kitu, ila LED inaweza kung'aa kwa mbali usiku au kumulika kidogo kila sekunde chache: mkondo ule unajaza kapasita ya draiva polepole mpaka inatema. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kupitisha mkondo pembeni, kinachofungwa sambamba na taa, kati ya waya wa taa na nyutro. Kinakaa kwenye taa, darini, si kwenye swichi. Kimoja hutosha kwa saketi nzima.

Njia ya pili tunaipenda zaidi. Katika nyumba nyingi zisizo na nyutro kwenye swichi, nyutro iko darini pale taa inaponing'inia. Chagua dima ya aina ya moduli, ile ndogo isiyo na uso, uifunge huko juu, kisha nyaya mbili zinazoshuka ukutani zitumike kwa kitufe cha kubonyeza na kuachia. Angalizo: kwenye moduli nyingi, kituo cha kitufe, yaani pale waya wake unapokazwa, kina umeme wa ukutani kamili, kwa hiyo waya wake na kitufe chenyewe viwe vya kubeba volti hizo. Na hakikisha moduli haijafungiwa ndani ya kikombe cha chuma, maana redio haitasikika na joto halitatoka.

Kufunga

Katika nchi nyingi sheria inataka kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Heshimu hilo. Hata hivyo mwenye nyumba anayejua hatua atajua pia kama fundi wake ameruka mojawapo.

Zima breka ya saketi, na ukiweza ifunge au ibandikie karatasi ili mtu asiiwashe. Jaribu kipimo chako mahali penye umeme uone kinasoma, nenda kwenye swichi, legeza uso wake upime laivu kwa nyutro, laivu kwa erthi, na kila waya kwa erthi, kisha rudi kukijaribu tena pale penye umeme. Kipimo kilichokufa na saketi iliyozimwa hutoa jibu moja. Fungua uso wa swichi, piga picha kabla ya kugusa chochote, ubandike kipande cha tepu chenye jina kwenye kila waya.

Pima kina cha boksi. Dima janja ni nene kuliko swichi, na nyaya pamoja na viunganishi vinataka nafasi nyuma yake. Boksi la milimita 25 mara nyingi halitoshi. 35 hukaa kwa kubanana. 47 ni raha. Kuisukuma dima kwa nguvu ndani ya boksi finyu hubana nyaya mpaka ganda linakatika, au kiungo kinachomoka na kuanza kuchoma polepole. Panua boksi au tumia fremu ya kuinua uso.

Menya waya milimita 7 hadi 8, au kwa kipimo kilichochorwa mgongoni mwa kifaa. Shaba isionekane nje ya kituo. Nyaya za nyuzi nyingi zivalishwe ncha ya chuma na kubanwa, vinginevyo uzi mmoja ukitoroka huenda kugusa kituo cha pili. Laivu iende kwenye kituo cha laivu, waya wa taa kwenye kituo cha mzigo, nyutro kwenye nyutro, erthi kwenye erthi. Ukibadilisha laivu na mzigo, dima haitawaka kabisa au itawaka pale tu taa inapowashwa. Vuta kila waya kwa mkono baada ya kukaza. Kama nyumba inapimwa ganda la nyaya kwa volti 500, dima itolewe kwanza. Kipimo hicho huua transista mara moja.

Swichi za ngazi au za korido, ambapo taa moja inawashwa kutoka sehemu mbili, zina kanuni moja: swichi ya kawaida haiwezi kubaki upande wa pili ikikata umeme wa dima. Dima ikae pale laivu ya kudumu inapofika. Upande wa pili weka swichi msaidizi ya mtengenezaji yuleyule, au kitufe cha kubonyeza kama kifaa kinakikubali, au rimoti ya betri iliyobandikwa juu ya boksi ambalo nyaya zake zimeunganishwa kwa kudumu. Nyaya mbili zilizokuwa zikipeana zamu kati ya swichi hizo zitatumika upya au zitafungwa ncha. Hapa picha uliyopiga mwanzo ndiyo itakuokoa, kwa kuwa kituo cha kati cha swichi ya zamani huonyesha ni waya upi ulikuwa laivu na upi ulikwenda kwenye taa.

Jambo la mwisho kabla ya kukaza skrubu: tafuta stika yenye msimbo wa kuunganishia. Vifaa vinavyofuata Matter, mfumo wa pamoja uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2022, hutumia msimbo wa picha au namba 11, na mara nyingi umebandikwa mgongoni, upande utakaoingia ukutani. Upige picha. Bila msimbo huo utaifungua tena dima siku utakapobadilisha simu.

Redio na simu

Dima za waifai huja tayari kuzungumza na rauta, lakini karibu zote hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Rauta inayotangaza jina moja kwa 2.4 na 5 huisumbua hatua ya kwanza: simu iko kwenye 5, dima inatafuta 2.4, na programu inazunguka hadi inakata tamaa. Zima 5 kwa dakika kumi, unganisha, kisha uiwashe. Kama bado haikubali, kagua haya kwa mpangilio huu: bluetooth ya simu imewashwa, programu imeruhusiwa kuona eneo na mtandao wa ndani, VPN ya simu imezimwa, na usalama wa rauta haujawekwa kwenye WPA3, aina mpya ya ulinzi wa waifai, peke yake. Mtandao wa wageni nao mara nyingi huzuia vifaa kuonana. Dima itaunganishwa kisha simu isiione.

Unaingia hali ya kuunganisha kwa kushikilia kitufe sekunde 5 hadi 10 mpaka kitaa kimetemete. Kushikilia zaidi kwenye baadhi ya vifaa hufuta mipangilio yote, kwa hiyo hesabu sekunde kwa sauti.

Boksi la chuma hula mawimbi. Programu nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba hasi: -60 ni nzuri, -70 inavumilika, -80 ni taa itakayosema haipatikani kila siku mbili. Pima ukiwa umefunga uso na mlango wa chumba, usipime dima ikiwa inaning'inia nje ya ukuta. Kwenye rauta chagua chaneli 1, 6 au 11 na uiache hapo. Rauta inayobadilisha chaneli yenyewe hukatisha vifaa vidogo ambavyo haviwahi kuifuata. Weka pia anwani ya kudumu kwa kila dima.

Nyumba yenye dima zaidi ya kumi hatuifungi kwa waifai. Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa janja vya nyumbani, nayo hutumia gigahezi 2.4, lakini kila dima yenye nyutro hupokea na kupitisha ujumbe wa jirani yake, hivyo mtandao unaimarika kadiri unavyokua. Iweke kwenye chaneli 25 ili ikae nje ya chaneli 11 ya waifai. Z-Wave, mtandao mwingine wa aina hiyo, hukwepa msongamano huo kabisa kwa kutumia megahezi 868.42 Ulaya na 908.42 Marekani, kifaa cha upande mmoja hakisikilizani na cha upande mwingine, kwa hiyo angalia kabla ya kuagiza ng'ambo. Ukiziwasha taa nyingi kwa amri moja na zikawaka moja baada ya nyingine, tengeneza kundi ndani ya mtandao wenyewe, siyo kwenye programu ya simu. Kundi la programu hutuma amri kwa zamu. Kundi la mtandao hutuma amri moja inayosikiwa na zote.

Kisha chomoa waya wa intaneti ukiacha rauta imewashwa, ujaribu. Kitufe cha ukutani lazima kifanye kazi. Ratiba ziendelee, au angalau ujue hazitaendelea. Dima ambayo kitufe chake kinasubiri seva ya mbali hatuifungi nyumbani kwa mtu.

Kurekebisha mwanga

Sehemu hii huchukua dakika kumi na tano na ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na ya kulipua. Subiri giza. Shusha dima hadi asilimia 1, kisha panda pole pole mpaka balbu zote ziwe zimewaka bila kupepesa, uongeze asilimia 2 au 3 juu yake. Tuseme umefika 14. Hicho ndicho kiwango chako cha chini. Kiandike kwenye programu. Sasa zima taa dakika kumi zipoe, kisha ziwashe moja kwa moja kwenye kiwango hicho. Balbu inayoweza kukaa kwenye 14 ikiwa imeshawaka si lazima iweze kuamka kwenye 14. Ikishindwa, washa msukumo wa kuanzia, ambao huipa umeme mwingi kwa kitambo kidogo kisha hushuka, au pandisha kiwango.

Panda juu. Kama taa zinapepesa kati ya 95 na 100, hasa kwenye dima isiyo na nyutro, kifaa kinakosa kipande cha wimbi cha kujilisha. Weka kikomo cha juu 90. Hakuna atakayeona tofauti: jicho hupokea mwanga kwa kadiri ya kipeuo cha pili, kiasi kwamba mwanga uliopimwa asilimia 90 huonekana kama 95, na uliopimwa asilimia 10 huonekana kama 32. Kwa sababu hiyohiyo, kama programu ina uchaguzi wa mkunjo wa mwanga, usiache mstari ulionyooka. Chagua mkunjo unaoshuka taratibu upande wa chini, la sivyo nusu nzima ya kitelezi haitaonyesha mabadiliko na robo ya mwisho itaangusha chumba gizani.

Muda wa kuwaka tunaweka nusu sekunde, wa kuzima sekunde 2. Ukizidisha muda wa kuwaka, mtu hubonyeza mara ya pili akidhani swichi imekataa, na taa inazimika.

Halafu hali ya umeme ukirudi. Baadhi ya vifaa vinatoka kiwandani vikiwa vimewekwa kuwaka, na umeme ukikatika na kurudi saa tisa usiku, nyumba nzima huwaka. Vyumba vya kulala viweke vizimike. Ngazi na korido vikumbuke hali ya mwisho. Ijaribu kwa kuzima na kuwasha breka, usiiamini programu tu.

Kama taa zinapepesa saa zilezile kila siku bila mtu kugusa kitu, usibadilishe balbu haraka. Baadhi ya mashirika ya umeme hutuma ishara za kudhibiti mita kupitia nyaya hizohizo, na dima inayohesabu pale wimbi linapopita sifuri huchanganywa nazo. Dima yenye kichujio hutibu hilo. Balbu mpya haitibu.

Baadaye

Dima iliyozimwa haijakata umeme. Transista imefungwa, lakini mkondo mdogo bado unaweza kupita, na kwenye taa waya una volti za kutosha kumrusha mtu kutoka ngazini. Kubadilisha balbu, zima dima na breka. Balbu ya halojeni ikipasuka wakati inawaka, mkupuo wake unaweza kuiua triaki papo hapo, na dima iliyokufa hivyo hubaki imewaka asilimia 100 bila kusikia amri. Sasisha programu ya ndani ya kifaa mchana, chumba kimoja baada ya kingine, kamwe si nyumba nzima kwa pamoja.

Ndani ya mlango wa ubao wa breka tunaacha karatasi: jina la kila dima, breka yake, namna ya kukata wimbi, kiwango cha chini na cha juu, aina ya balbu, na msimbo wa kuunganishia. Nyumba ikibadilisha mwenyewe, kila dima ifutwe kwenye akaunti ya zamani kabla ya simu ya mwenye nayo kuondoka mlangoni. Iliyoachwa imefungamana na akaunti ya mtu mwingine inaweza kukataa kuunganishwa upya hata ikirudishwa hali ya kiwandani, na mwenyeji mpya atabaki na swichi ya kawaida iliyo ghali.